Kila Mvuvi na Ufito Wake

Wengi wetu akina mama tukisikia habari za ndoana na mshipi hugeuza ukurasa, tukidhani kwamba hayo ni mambo ya akina baba. Lakini fedha za kununulia vifaa hivyo hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga, na Jumamosi inayotumika ziwani ni Jumamosi ya familia nzima. Kwa hiyo yafaa mama naye ajue kidogo.

Hapa Kentucky, Marekani, tunakoishi pamoja na familia nyingi zinazosema Kiswahili, hasa kutoka Kongo, samaki anayependwa sana na watu wa kawaida ni krapi. Wapo wa aina mbili, mweupe na mweusi. Wote wawili ni bapa kama sato, na nyama yao ni nyeupe na laini. Krapi wengi hawafiki pauni 2, ingawa mwaka 1957 huko Enid, Mississippi, alivuliwa mmoja wa pauni 5 na aunsi 3. Jambo la kukumbuka ni kwamba ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi. Ukimvuta kwa nguvu kwa ufito mgumu, mdomo hupasuka naye huenda zake. Ndiyo sababu ufito wake huwa mwepesi wenye ncha inayopinda, na mshipi wake huwa mwembamba, wa nguvu ya pauni 4 hadi 8.

Baba watoto alipoanza kupenda uvuvi huu, alivutiwa na mashua zinazobeba fito nane kwa mara moja. Fito hizo, za futi 12 hadi 16, hutandazwa mbele ya mashua kama miguu ya buibui, na mashua husogea polepole sana. Ni njia nzuri pale samaki walipotawanyika katika maji mapana. Basi tukakaa mezani na kalamu na karatasi. Bei ya fito nane na vishikio vyake, bila kutaja mashua, ilikaribia ada ya mtoto wa shemeji huko Kigoma, ambayo tulikuwa tumeahidi kuilipa. Tena tuliona kwamba fito nane huweza kuangaliwa na mtu mmoja au wawili, na wengine wakabaki kutazama tu. Nyumba yetu ina watu watano. Tukakubaliana kwamba ada italipwa kwanza, kisha kila mtu atapata ufito mmoja unaomfaa.

Kwa bibi tulichagua mwanzi mrefu wa futi 10. Majira ya kuchipua, maji yanapopata joto la nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, krapi husogea kwenye maji mafupi ili kutaga, na dume hulinda kiota. Wakati huo hakuna haja ya kurusha mbali. Bibi hukaa kwenye kiti chake ukingoni na kushusha chambo taratibu kando ya kisiki kilichozama. Yeye alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, akacheka sana kusikia kwamba mwanzi unauzwa dukani.

Binti yetu wa miaka tisa alipata ufito mfupi wa futi 5 wenye gurudumu lililofunikwa, ambalo halitatizi mshipi ovyo, pamoja na kiboya chekundu. Mtoto hawezi kungoja kitu asichokiona, lakini kiboya kikizama anaelewa mwenyewe. Mama pia anafaa kutumia kiboya, kwa ufito wa futi 8, kwani jicho moja liko kwa mtoto na jingine liko majini.

Baba alichukua ufito wa futi 6 na nusu wa kurushia jigi, yaani ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi na mkia laini wa rangi. Ufito huo ni wa grafaiti, ambayo ni nyepesi na humfikishia mkono hata mguso mdogo wa samaki. Faibaglasi ni nzito zaidi, lakini hustahimili kuangushwa, kwa hiyo inawafaa watoto.

Tuliyemfikiria sana ni kijana wetu wa miaka 15. Tangu aanze sekondari alikuwa akijibu kwa neno moja, tena la Kiingereza, na chakula akila chumbani. Baba yake hufanya kazi usiku kiwandani, na wiki nyingine walikutana mlangoni tu. Yeye alichagua ufito wa futi 5 na nusu wa kufyatulia. Krapi hupenda kivuli chini ya magati, mahali ambapo jigi haifiki kwa kurushwa juu. Mvuvi hushika jigi, huupinda ufito kama upinde, kisha huachia, na jigi hupita juu ya maji hadi kivulini. Kijana alijizoeza nyuma ya nyumba kwa kulenga chini ya benchi, akawa hodari kuliko baba yake. Ilipofika siku ya kwenda Kentucky Lake, tulimsikia akisema kwa Kiswahili, "Baba, usishike hapo, itakuchoma. Shika kichwani, ncha iangalie nje." Walikaa gatini saa tatu. Hatusemi kwamba mlango wa chumba chake haufungwi tena. Lakini siku hizi Ijumaa jioni ndiye anayeuliza, "Kesho tunaenda?"

Sisi tulio wauguzi hatuwezi kuacha tahadhari. Watoto wasing'ate risasi za mshipi kwa meno, kwani risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula. Grafaiti hupitisha umeme, hivyo usiinue ufito karibu na nyaya, na radi ikianza ondokeni majini. Ndoana ikiingia karibu na jicho, msiivute, nendeni hospitali. Mtoto avae jaketi la kuokolea hata akiwa gatini. Leseni nayo ni lazima kwa aliyefika miaka 16.

Kwa hiyo, mama, kabla fedha hazijatoka, ulizeni nyumbani maswali matatu: tutavua wapi, kwa njia gani, na nani atakayeushika ufito huu? Mithali 22:6 inatuhimiza kumlea mtoto katika njia impasayo. Nasi tumejifunza kwamba mtoto wa miaka tisa na wa miaka 15 hawavuliwi kwa ufito mmoja. Tena katika Yohana 21 Bwana aliwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate ufukoni, wakala kwanza, mazungumzo mazito yakafuata. Nyumbani kwetu pia krapi wakishakaangwa hakuna anayekula chumbani, maana wakipoa hawana ladha.