Sweetwaters: Makao ya Sokwe Waliokosa Kwao

Iwapo watoto wanakusumbua uwapeleke kuona wanyama, na Mbuga ya Nairobi wamekwisha kuizoea, wapeleke Laikipia. Huko, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, kuna makao ya Sweetwaters, mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumwona sokwe. Mtaburudika, bila shaka. Lakini pia mtarudi na funzo kuhusu kumtafutia makao kiumbe ambaye binadamu alimharibu.

Safari yenyewe si ngumu. Nanyuki iko kilomita 200 hivi kutoka Nairobi. Utapita Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, na ukiondoka alfajiri utauona Mlima Kenya upande wako wa kulia kabla mawingu hayajaufunika. Karibu na mji wa Nanyuki utakuta bango la Ikweta, na hapo watoto watataka kupigwa picha. Kutoka mjini hadi hifadhini ni mwendo mfupi kwa gari. Usisahau sweta, kwani asubuhi za Laikipia zina baridi kali.

Huenda ukajiuliza: sokwe wamefikaje hapa, ilhali Kenya haina sokwe wa porini? Misitu yao iko Uganda, Tanzania, Burundi na Congo, hadi Afrika Magharibi.

Jibu linaanzia Bujumbura. Mwaka 1993, vita vilipozuka Burundi, sokwe mayatima waliokuwa wakitunzwa huko walihitaji pa kukimbilia. Ndipo makao haya yakafunguliwa kwa makubaliano kati ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960. Wa kwanza kuletwa walikuwa watatu. Mwaka 1995 wakaja wengine zaidi.

Mmoja wa waliofika mwaka huo aliitwa Poco. Huyu alifungiwa kwa miaka tisa katika kizimba kilichoning'inizwa ili kuvutia wateja dukani. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba hakuweza kwenda kwa miguu minne. Alikaa au alisimama wima, basi. Hata baada ya kupata uwanja wa kutosha aliendelea kutembea wima kama mtu. Mtoto akikuambia kwamba jambo hilo linachekesha, mweleze chanzo chake.

Kisha kuna kisa cha Manno, aliyeletwa Novemba 2016 kutoka bustani ya wanyama mjini Duhok, Iraq. Huko alivishwa nguo za watoto, akapewa peremende, soda na hata sigara ili wageni wacheke. Alikuwa bado mdogo alipofika Kenya, na hakuwa amezoea kuishi na sokwe wenzake.

Kazi kulea mwana

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kumtoa mnyama katika mateso ni shughuli ya siku chache, yenye picha na pongezi. Kazi huanza baadaye. Sokwe mgeni hutengwa kwanza ili apimwe magonjwa. Halafu huonyeshwa wenzake kupitia wavu, akakutanishwa na mmoja, kisha na wengine polepole. Ukiharakisha, wanaweza kumjeruhi au kumuua, kwani sokwe hawapendi wageni. Hii ndiyo sababu utakuta makundi mawili Sweetwaters, yakitenganishwa na mto Ewaso Nyiro. Mchana huzurura ndani ya ua wenye umeme, na usiku hulala ndani ya nyumba zao.

Je, kwa nini wasirudishwe msituni? Wengi wao walinyakuliwa wachanga, baada ya wawindaji kuwaua mama zao. Hawakufundishwa kujitafutia chakula, na wamezoea watu mno kiasi cha kutowaogopa. Zaidi ya hayo, sokwe wa porini wangewashambulia. Majike hupewa dawa ya kuzuia mimba, maana makao haya hayakujengwa ili kuzalisha sokwe wa kuishi nyuma ya ua. Nafasi ni ya mayatima.

Na sokwe anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mlinzi anayempokea leo huenda akastaafu akimwacha hai. Hiyo ndiyo maana ya neno kudumu.

Na nyumbani je?

Pengine wasema, "Mimi sina haja ya sokwe." Kweli, lakini wangapi mjini humnunulia mtoto sungura, akawachosha baada ya mwezi? Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka minane na zaidi. Akiinuliwa kwa masikio na kufungiwa peke yake katika kibanda kidogo, huanza kuuma na kupiga teke. Watu husema ana kichaa, akapewa jirani, naye jirani akampa mwingine. Kumbe ana hofu tu.

Ukimpokea sungura wa namna hiyo, fuata mwendo wa Sweetwaters. Mpe nafasi na mahali pa kujificha. Keti chini karibu naye umngoje akujie mwenyewe, usimtoe kibandani kwa nguvu. Ukitaka kumpa mwenzi, waonane kwanza kupitia wavu kwa siku kadhaa. Na kabla ya kumkubali, jiulize kama mtakuwa naye hata watoto watakapokwenda shule ya bweni. Ikiwa huna uhakika, afadhali ukatae mapema kuliko kumwongezea safari nyingine.

Mkifika Sweetwaters, msipige kelele wala msiwarushie sokwe chakula. Sokwe akiudhika naye hurusha mawe! Muulizeni mlinzi kila mmoja anaitwa nani na alitoka wapi. Majibu hayo yatawafaa watoto kuliko picha yoyote, na huenda siku moja yakamzuia mmoja wao kununua mnyama ambaye hataweza kumtunza.