Malkia ni ngeli ya 12

Karata ni 52: rangi nne, kila rangi 13. Nilipotunga mchezo wa kushindania ngeli, hesabu hiyo ilinifaa: asi (wa pwani huiita ree) ni ngeli ya 1, na kuendelea mpaka mfalme, 13. Rangi huamua upatanisho: kopa kimilikishi, uru kivumishi, shupaza kionyeshi, pau kitenzi. Ukitupa saba ya kopa unasema, tuseme, “kiti changu”. Ukisita, unaokota mbili. Anayemaliza karata kwanza ndiye mshindi.

Ubishi ulizuka kwenye malkia. Katika hesabu ya Kibantu 12 ni ka-, 13 ni tu-, na Kiswahili sanifu kimeziacha. Mwenzangu alitaka tuondoe karata hizo nane, “mchezo uwe safi”. Nilikataa. Hapa Lubumbashi katoto na tutoto ni maneno ya kila siku. Na tangu vita vya 1996 nchi nzima inajua kadogo ni nani. Neno hilo tulifute kwa usafi gani?

Zimebaki. Jana yeye mwenyewe alimalizia malkia wa uru: “Katoto kadogo!” Nikaokota mbili.