Njia ya Pangani Kabla ya Lami

Mwaka 1996, kutoka Tanga mjini hadi Pangani zilikuwa kilomita 50 hivi za vumbi, mawe na mchanga, na sisi tulizitaka zote. Tuliondoka alfajiri, mimi na swahiba wangu, kila mtu na baiskeli yake ya Phoenix. Keria yangu ilibeba hema la turubai na sufuria. Yake ilibeba mkeka, dumu la maji, pampu na solusheni ya kuzibia pancha. Tanga ya siku zile ilikuwa mji wa baiskeli. Karani wa bandari, muuza samaki, mwalimu, wote walikanyaga pedeli, basi hakuna aliyetushangaa. Lililowashangaza watu ni kwamba hatukuwa na shughuli.

"Mwafuata nini Pangani?" aliuliza mama mmoja tuliyenunua vitumbua kwake.

"Twatembea tu, mama."

Agosti ni mwezi wa kusi, na aendaye Pangani huelekea kusini, kwa hiyo upepo ulikuwa usoni mwetu tangu asubuhi. Ukishindana nao unachoka mapema. Tulikwenda taratibu, bega kwa bega, tukizungumza, maana magari yalikuwa ya kuhesabu na vumbi la kila moja uliliona kabla hujasikia injini.

Tongoni tuliziegesha baiskeli tukaingia kwenye magofu. Kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo zilizokwisha kuanguka. Kwenye nguzo moja swahiba wangu aliingiza ngumi katika kishimo cha mviringo, mahali palipowahi kupachikwa bakuli la Kichina, akakaa hapo kimya. Sikumwita. Siku nzima ilikuwa yetu.

Mbele ya Tongoni yalianza mashamba ya mkonge, mistari mirefu iliyonyooka hadi macho yachoke. Hapo ndipo aliponisimulia habari za babu yake, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge akiwa manamba, asirudi tena kwao. Nilikuwa nimemfahamu tangu utotoni na sikuwahi kuisikia. Nami nilimweleza nililosoma: kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Alikanyaga kitambo bila kusema neno.

"Miche 62," akasema, "ndiyo iliyomhamisha babu yangu."

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa Kigombe, na Pangani tukaiachia kesho. Kijijini huwezi kusimamisha hema kimyakimya kama mwizi. Tulikwenda kwa mwenyekiti, tukapiga hodi, tukamwamkia. "Marahaba, wanangu. Hema la nini, na nyumba zipo?" Ilitubidi kumbembeleza aturuhusu kulala nje. Akatuonyesha penye minazi, mbali na madau, kisha akamtuma kijana atuletee changu wawili na muhogo. Hakutaka fedha. Tuliwachoma juu ya makumbi ya nazi, tukala kwa mikono yenye mafuta ya mnyororo, tukazungumza hadi maji yakajaa na kupwa. Kumbe bahari ile tuliyoitazama ilikuwa na silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale sana, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2004 wavuvi wa pwani hii walianza kumpata nyavuni, na mwaka 2009 eneo lao likawa hifadhi ya bahari. Usiku ule, mbele yetu palikuwa na maji tu.

Mwaka jana tulipita tena, safari hii kwa gari la swahiba wangu. Lami ni nzuri, na sitaisema vibaya: mama mjamzito wa Kigombe anaihitaji kuliko mimi ninavyoyahitaji mashimo. Lakini Tongoni tuliipita nikiwa bado natafuta mkanda. Kwenye mkonge simu yake iliita, mambo ya bandari huko Dar es Salaam anakofanya kazi siku hizi, na alipomaliza tulikuwa tumeingia Pangani. Kigombe sikuiona kabisa. Hakuna aliyetuuliza tunafuata nini. Tulikula wali na samaki karibu na kivuko, akatazama saa, tukageuza.

Inaniuma kuliko nilivyotegemea. Mjini bodaboda zimechukua nafasi ya baiskeli, na swahiba wangu aliiuza yake aliposhika kazi. Yangu ipo. Nimeibadilisha tairi na mnyororo, na fundi ameniahidi keria ya pili, ya baiskeli ambayo swahiba ataiazima kwa mpwa wangu. Nimempigia swahiba simu kumwambia twende Agosti. Agosti ana wageni. Nikamwambia basi Septemba, kusi litakuwa halijaisha.