Maharagi ya koko na safari ya kaboni

Kwetu Bushi, migomba ni ya baba, maharagi ni ya mama. Kila mutu anajua, lakini hatuulizi ni nini kinachohama kati ya mashamba hayo mawili.

Tulipokuwa watoto tuling'oa maharagi yaliyokauka pamoja na mizizi, tukayabeba nyumbani na kuyapiga kwa fimbo uani. Makapi yote yalitupwa kwenye migomba ya koko mwanaume. Migomba ilinenepa, shamba la koko mwanamuke kule mulimani likabaki jekundu. Siku moja akatunyang'anya mafungu: "Munabeba nguvu ya shamba yangu! Mukate na kisu, mizizi ibaki." Mimi, mutoto wa sekondari, nikamucheka. Vimizizi vile vitasaidia nini?

Nilikuja kufundisha biolojia, na hapo nikaona haya. Mumea unavuta hewa yenye kaboni kwa majani, unatengeneza sukari, sehemu yake inashuka mizizini. Mizizi ikiwa hai inavujisha sukari hiyo, na viumbe vidogo visivyoonekana vinaila. Mizizi ikikufa, vinaila yenyewe. Sehemu kubwa ya kaboni inarudi hewani viumbe hivyo vikipumua. Kidogo kinashikana na chembe za udongo na kukaa miaka mingi. Na ile ya mizizi hukaa zaidi kuliko ya majani yaliyoachwa juu.

Wamejuaje? Mahindi ndiyo yaliyosaidia. Karibu kaboni yote ni ile nyepesi, 12. Kama asilimia 1 tu ni nzito kidogo, 13. Mahindi, mutama na miwa huchukua ile nzito kuliko maharagi, ngano au miti ya pori. Basi mahindi yakipandwa pahali yasipokuwa, udongo unaanza kubeba alama yao, na inapimika. Jérôme Balesdent na wenzake kule Ufaransa waliieleza njia hiyo mwaka 1987.

Koko alikuwa na jembe tu, nalo lilimwambia udongo umekuwa mugumu.

Alikufa sijamwomba musamaha. Leo shamba lile linalimwa na muke wa mudogo wangu. Musimu uliopita nilimwambia akate na kisu, na makapi yarudi mulimani. Akajibu: "Shemeji, kisu nitakata. Ila makapi, umuongeleshe kwanza bwana yangu, migomba ni yake."

Nimemuongelesha mara mbili. Angali anafikiri.