Mume Wangu, Fimbo Yake na Samaki wa Kasanga

Ukitaja Sumbawanga mbele ya mtu wa Dar, neno la kwanza atakalokujibu ni uchawi. Wenyeji wenyewe hukuambia jina la mji maana yake ni "tupa uchawi", lakini nani anaisikiliza hiyo sehemu ya kutupa? Mimi nakwambia, mpenzi msomaji, kitakachokushika Sumbawanga ni baridi. Cha pili ni samaki.

Najua unajiuliza, samaki gani tena huko milimani? Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ukisimama Chanji hutaona tone la ziwa. Ila Ufipa imekaa katikati ya maziwa mawili. Magharibi unashuka Ziwa Tanganyika, mashariki unashuka bonde la Ziwa Rukwa. Kwa hiyo kila samaki unayemkuta sokoni, mkavu, wa moshi au mbichi, amepandishwa mlima na mtu. Na kila mwanaume wa Chanji niliyekutana naye ana la kusema kuhusu huyo samaki alivyopatikana.

Mume wangu alihamishiwa huko kikazi miaka miwili iliyopita. Mimi nikabaki Dar na mtoto, kazi yangu na nyumba ya kupanga. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumamosi jioni. Baadaye Jumamosi jioni simu ikawa haipatikani, na Jumatatu naambiwa, "Nilikuwa ziwani, mama, huko mtandao shida." Mashosti zangu wakasikia hilo wakacheka mpaka machozi. Ziwani! Huyo samaki ana hereni huyo! Mmoja akanishauri nimtumie mtu amfuatilie. Nikaona ya nini gharama zote hizo wakati mabasi yapo. Mwezi wa tisa mwaka jana nikamwacha mtoto kwa mama, nikapanda basi la Sumbawanga kupitia Mbeya na Tunduma, zaidi ya kilometa 1,100, miguu ikavimba kama maandazi.

Isitoshe nilikuwa na jibu la kumpelekea. Kwa miezi mitatu alikuwa ananiuliza swali moja: mnahamia huku au mimi niombe kurudi?

Basi Jumamosi yangu ya kwanza Chanji ilikuwa hivi. Saa kumi na moja jioni jua linashuka, upepo unakata masikio, mimi nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Nje ya duka la vipuri vya pikipiki wamekaa wanaume watano kwenye benchi na ndoo zilizogeuzwa, katikati yao jiko la mkaa, na kila mmoja ana fimbo. Sio fimbo ya kuchungia, hapana. Fimbo za kuvulia samaki. Mmoja anasimama, anarusha mshipi hadi ng'ambo ya barabara, risasi inatua kwenye majani, wenzake wanapima kwa hatua! Bodaboda zinapita zinapiga honi. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

"Shemeji karibu, kaa hapa kwenye joto," akasema fundi pikipiki, akanipisha ndoo yake. Nikakaa. Nikasikiliza saa mbili nzima, na nakuhakikishia hakuna saluni yenye umbea mtamu kuliko ule.

Kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inaongozwa na mwalimu mstaafu, mzee wa taratibu, koti la suti na kofia ya sufu. Fimbo yake ni ya zamani, rangi ya kahawia, imefungwa uzi mahali ilipopasuka, na ile rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ni Abu ya Sweden. Aliipata miaka ya 1980, enzi za mradi wa RUDEP uliofadhiliwa na Norway hapo Rukwa. Mtaalamu mmoja Mnorwe alipomaliza mkataba akamwachia. "Wengine waliachiwa friji," akasema Mwalimu. "Friji zimekufa zote."

Kambi ya pili ni mume wangu na muuza vipuri, wapenda vitu vipya. Fimbo zao zinaingiana kama eriali ya redio, nyeusi, zinang'aa, za Kariakoo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ya mume wangu, pamoja na rili, imegharimu laki mbili na themanini. Nikamwangalia. Akaangalia jiko. Fundi pikipiki, mwenye akili ya haraka, akabadilisha mada kwenda kwenye chambo.

Na hapo kwenye chambo ndipo penye utamu. Kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao hawa jamaa hawatumii minyoo, wanatumia chambo cha bandia, kisamaki cha uongo chenye ndoano tumboni. Mwalimu anacho kimoja cha Rapala, kimekwaruzwa na meno mpaka rangi imebanduka, na anakihifadhi kwenye kopo la dawa ya meno ya unga. Akatusimulia habari ya Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, ambaye mwaka 1936 alichonga kisamaki kwa kisu cha kiatu akatumia gome jepesi la mti, akakivalisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akayeyusha filamu za picha apake juu maji yasiingie. Alikuwa amegundua kwamba samaki mkubwa humfuata yule mdogo anayeogelea kama kilema.

Fundi pikipiki akacheka, akatoa cha kwake mfukoni. Kimechongwa kutoka soli ya kandambili, kimevalishwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kimepakwa gundi. Hajawahi kusoma habari za huyo Mfini. Alitazama tu dagaa aliyejeruhiwa pembeni ya mtumbwi. Muuza vipuri yeye anatetea kijiko cha chai kilichokatwa mpini na kutobolewa matundu mawili, nacho si cha kuchekwa, maana Mmarekani Julio Buel alisajili chambo cha kijiko tangu 1852. Wakabishana kipi kinashika zaidi. Ushahidi wa kila mmoja ni samaki ambaye wengine hawakumwona.

Halafu wakahamia kwenye simu, kuangalia video za Wamarekani. Huko samaki anayewatoa watu roho anaitwa bass. Hata Kenya yupo, alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Rekodi ya dunia ya huyo bass ni kilo 10 na kidogo tu: kijana mkulima George Perry alimvua Georgia mwaka 1932, akampeleka nyumbani wakamla. Rekodi ikakaa miaka 77 ndipo Mjapani Manabu Kurita akaifikia Ziwa Biwa, 2009. Kilichowaacha hoi wana Chanji si uzito. Ni kwamba kwenye video, jamaa anamvua samaki, anambusu, anapiga picha, halafu anamrudisha majini!

"Huyo nyumbani hajaoa," akasema muuza vipuri.

Nilicheka, lakini nilikuwa naangalia kitu kingine. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Dar alikuwa anatoka kazini anakaa na rimoti, ukimuuliza ana nini anasema hana kitu. Pale Chanji nilimsikia akimweleza Mwalimu, huku anafunga ndoano, kwamba usiku halali vizuri, kwamba mtoto siku hizi kwenye simu anamwamkia kama mgeni. Hakusema kwa kuniangalia. Alisema kwa kuangalia fundo. Mwalimu akamwambia, "Lowanisha kwanza huo uzi kabla hujavuta," na sijui alikuwa anajibu lipi.

Saa kumi alfajiri tukaondoka na Noah, watu sita, fimbo zimetoka dirishani. Barabara ya Kasanga inapita Matai, halafu inaanza kushuka. Msomaji, ukishuka pale ndio utajua Ufipa ni ghorofa. Kutoka juu hadi ziwani ni karibu mita 1,000 kwenda chini, na ziwa lenyewe likiwa mita 773 juu ya bahari. Nilianza safari na sweta na kanga mbili, nikafika Kasanga na blauzi. Ukiwa na siku ya ziada, maporomoko ya Kalambo yapo hapo mpakani na Zambia, zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Kasanga yenyewe Wajerumani waliiita Bismarckburg, na mawe ya ngome yao bado yapo. Sisi hatukwenda kuangalia mawe.

Kuna kitu hakikusemwa pale kwenye jiko ila ufukweni kilisemwa mapema. Samaki wamepungua. Wavuvi wa karabai tuliowakuta wanaanika dagaa walisema hivyo, na Mwalimu akasema enzi zake migebuka ilikuwa haihesabiwi. Nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 upande wetu uvuvi ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wavu na taa peke yake si sababu. Ziwa lina kina cha mita 1,470, chakula cha samaki kinatokana na virutubisho vilivyo chini, na maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Kwa hiyo nusu ya zile hadithi za samaki mkubwa kuliko mtoto si uongo. Ni za zamani.

Tukakodi boti, tukaenda kwenye miamba. Maji ya Tanganyika ni maangavu mpaka yanatisha, unaona jiwe lililo chini mita kadhaa kama liko kwenye glasi. Saa moja, kimya. Saa mbili, fundi akapata mgebuka mmoja kwa kandambili yake, akaanza kuimba. Mume wangu jasho linamtoka. Ndipo fimbo ya laki mbili na themanini ikapinda.

Alikuwa kuhe. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wa sato na perege, na hapatikani kokote duniani ila Tanganyika. Rangi ya manjano, madoa meusi ubavuni, kama kilo tatu hivi. Tulipiga kelele boti nzima! Miaka miwili mume wangu alikuwa anamtafuta huyo. Nikatoa simu nipige picha.

Mwalimu alikuwa ameinama anaangalia majini. Akasema taratibu, "Njooni muone." Chini pale, juu ya mchanga, kulikuwa na wingu dogo la vitu kama punje za mtama, vinatetemeka, na kuhe mwingine anazunguka, anakwenda anarudi. Watoto. Mwalimu akatueleza kwamba kuhe huwalinda watoto wawili wawili, baba na mama, na muda huo hawali. Huyu hakuuma chambo kwa njaa, alikuwa anakifukuza. Akibaki mmoja, hawezi kuwa pande zote; wanaowala hao wadogo wanaingia upande ulio wazi.

"Mwalimu, huyo ni mboga," fundi akalalamika. "Tumekuja kilometa mia!"

Mume wangu hakusema kitu. Alimshika yule samaki, akamtoa ndoano kwa koleo, akamshikilia majini mpaka mapezi yakaanza kufanya kazi, akamwachia. Picha niliyopiga ina kiwiko chake tu na maji.

Jioni Chanji alitaniwa vibaya. Samaki hayupo, ushahidi kiwiko. Muuza vipuri akamwita Mmarekani, na nasikia mpaka leo ndilo jina lake hapo dukani. Mgebuka wa fundi ndio tuliokula, na ugali wa ulezi, kichwa akapewa Mwalimu.

Usiku tulipobaki wawili nikamwambia jibu nililokuja nalo kutoka Dar lilikuwa hapana. Kazi yangu iko kule, marafiki zangu, mama yangu. Akanyamaza, nikajua ndio ameingia kwenye ganda lake. Akasema, "Mimi siwezi kukulazimisha. Ila mwenzio nimechoka kuwa baba wa kwenye simu." Hilo aliniambia mimi, ananiangalia, hana fundo mkononi. Tuliongea mpaka mkaa ukazima. Tuliongea hata ile laki mbili na themanini, na hapo tuligombana kidogo.

Mtoto anamaliza darasa la pili. Nimeomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja, wamenipa miezi sita, tutaanzia hapo. Fimbo haijauzwa. Kuna nyingine fupi imeagizwa Kariakoo, ya kitoto, naipanda nayo basi mwenyewe. Na wewe ukija, beba sweta zito, na la kuvulia Kasanga liwe jepesi.