Muhasaba wa Mezani



Wiki iliyopita wanawake wanane wa Komarock tulishindana tenisi ya meza, katika ukumbi uliotengewa wanawake watupu. Mchezo wa kwanza nilishinda. Katika nusu fainali nilitolewa na binti aliyelingana kwa umri na kifungua mimba wangu, seti tatu kwa moja.

Wifi yangu aliniuliza, "Wifi, wewe mama wa watoto wanne, umepata nini huko?" Binti yangu alikuwa akisikiliza, nami nikaona swali lile lastahili jibu la haki.

Tulipojifunza shuleni Mombasa, seti ilikwisha kwa alama 21, na kila mchezaji alianzisha mipira mitano mfululizo. Tangu mwaka 2001 seti ni alama 11, na kila mmoja huanzisha miwili tu. Mtu wa kuchangamka polepole kama mimi hana tena muda wa kujikusanya. Kila seti binti yule alitangulia kwa alama nne au tano, kwani mzunguko wa mpira wake ulikuwa mgeni kwangu. Nilipouzoea tulikwenda sambamba. Seti ya mwisho aliipata kwa 12 kwa 10. Pumzi haikunikatika, wala mkono haukutetemeka.

Basi nilimjibu: nimepata kujua ninachokiweza na kilichobaki kujifunza. Binti yangu ameomba nimfundishe. Tutaanza Jumamosi baada ya Alasiri, inshallah.