Mpira wa Mkojo

Nikitoka nyumbani Nakivale kwenda chuoni Mbarara napitia Masha, na barabara hiyo hunikumbusha wazee wanaokimbizwa hospitali mkojo ukiwa umeziba, kila tuta likiwachoma tumboni kama kisu. Kuwawekea mpira wa mkojo hakuhitaji mtambo, bali mkono uliozoea. Kwa mwanamume, puto hujazwa maji baada ya mpira kuingia wote na mkojo kutoka. Likijazwa mapema huchana njia. Sanamu tunayofanyia mazoezi haina aibu wala haikazi misuli. Mgonjwa hukaza, hasa akizungumzishwa Kinyankole asichokijua. Wodini nilimsikia muuguzi akimwambia mzee mmoja Mkongomani, kwa Kiswahili cha kubabaisha: “Baba, vuta pumzi polepole.” Mzee akalegea, mpira ukapita, mfuko ukaanza kujaa.